Neno Lisilohitajika

Nchi hii si yenu. Nalisema hilo mapema ili asiwepo wa kuhangaika kutafuta ramani. Kwenu mambo haya hayawezekani, na nawapa hongera. Kwetu yalitokea, tena mchana kweupe, na nitayasimulia kwa heshima zote, maana naipenda nchi yangu na ningependa kuendelea kuipenda nikiwa nyumbani kwangu.

Serikali yetu ilichoshwa na lugha za kompyuta za kigeni. Zilikuwa lugha zisizo na adabu. Unaiagiza mashine kitu, nayo inakuuliza kama una uhakika. Unaiagiza tena, inakwambia kuna kosa, na kosa lenyewe ni lako. Kiongozi wetu Mwasisi, ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza kama ana uhakika tangu aingie madarakani, alikerwa sana siku mashine ilipothubutu. Akaagiza taifa liunde lugha yake ya kompyuta, nayo ikaitwa Utiifu.

Utiifu ni lugha nzuri mno. Maneno yake ni machache na yote ni ya kuamrisha: fungua, funga, washa, zima, panda, shuka. Mashine ikishaamriwa, huandika kwenye skrini jibu moja tu: TAYARI. Ukiiamuru lifti ya hospitali ipande ilhali kamba yake imekatika, lifti inabaki pale pale na mgonjwa wake, skrini inaandika TAYARI, na wizarani inahesabiwa kuwa imepanda. Tangu Utiifu uanze kutumika, hakuna mtambo wa umma uliowahi kushindwa kazi. Zipo nchi tajiri kutuzidi ambazo haziwezi kujisifu hivyo.

Basi mitambo yote ya nchi ikaandikiwa programu kwa Utiifu: taa za barabarani, pampu za maji, ving'ora vya miji, na lango la Bwawa la Ridhaa, lililokaa juu ya mji wa Mkondoni kama sufuria ya uji iliyowekwa ukingoni mwa rafu.

*

Mhandisi Sikudhani Mwakalobo alikuwa mwandishi wa programu katika Wizara ya Mitambo Tiifu. Alisoma vizuri, alipanda vyeo vizuri, na hakuwa na dosari ila moja: mama yake mzazi, Bi Semeni, alikaa Mkondoni, kwenye nyumba iliyo karibu na mto kuliko zote. Mtu mwenye mama chini ya bwawa hulitazama bwawa kwa jicho lake mwenyewe, wala si kwa jicho la wizara.

Masika yalipoanza kwa nguvu, aliomba ruhusa ya kwenda kukagua. Alimkuta mwendeshaji wa lango, Mzee Lipangile, ameketi mbele ya skrini na kikombe cha chai. Chumba kile kilikuwa na dirisha kubwa la kutazamia maji, lakini lilikuwa limezibwa na picha ya Mwasisi, ukuta mzima. Waraka ulishatoka kwamba mtumishi anayechungulia dirishani ilhali skrini ipo anaonyesha mashaka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mhandisi. Karibu. Huku ni salama tupu. Tangu asubuhi naliamuru lifunguke, nalo linanijibu."

"Limefunguka?"

"Limeandika TAYARI."

"Wewe umeliona kwa macho?"

Mzee Lipangile alimtazama kwa huruma. "Mhandisi, mimi nina familia."

Sikudhani alishika ukingo wa picha akaufunua. Mzee aligeukia ukutani upesi, ili akiulizwa aweze kuapa kwamba hakumwona mtu akiona. Na Sikudhani aliona. Lango lilikuwa limefungwa kabisa, limebanwa na magogo na tope, na maji yalikuwa yamepanda mpaka yanakaribia kulivuka. Mvua ilikuwa inaendelea kumwagika.

"Si kulikuwa na gurudumu la kulifungulia kwa mkono?"

"Liling'olewa Utiifu ulipokuja. Walisema linatia watu wasiwasi."

"Basi waite mafundi."

"Mafundi hawatoki bila taarifa ya hitilafu. Na taarifa ya hitilafu anaitoa nani? Mashine. Na mashine inasema nini?"

Sikudhani alitoka nje akampigia mama yake, akamsihi ahame siku ileile.

"Nihame niende wapi?" akauliza Bi Semeni.

"Kwangu, mama. Maji ya bwawa yamejaa."

"Na majirani?"

"Hao siwezi kuwaambia. Nitafungwa kwa kueneza uvumi."

"Basi mimi nitawaaga nikiwaambia naenda wapi? Harusini?" Bi Semeni akakata simu, kwa kuwa alikuwa na mboga motoni.

*

Ilibaki njia moja ya halali: kupeleka pendekezo la kuongeza kitu kipya kwenye lugha yenyewe. Sikudhani alitaka programu iweze kuandikwa hivi: *jaribu kufungua lango, ikishindikana, piga king'ora.* Kwa maneno mengine, mashine ipewe ruhusa ya kukiri kwamba imeshindwa, na ijue la kufanya baada ya kukiri.

Mapendekezo ya namna hii husikilizwa na Baraza Kuu la Lugha ya Mitambo, chini ya Mheshimiwa Profesa Kanali Mstaafu Mwinjuma Kigalu. Mheshimiwa Kigalu hakuwahi kugusa kompyuta maishani mwake, jambo lililomfanya afae sana kuwa mwenyekiti, kwani hakuwa na upendeleo kwa upande wowote. Baraza lina kanuni moja kuu ambayo wageni huona tabu kuielewa. Pendekezo hukubaliwa pale tu mwombaji anapothibitisha kwamba halihitajiki. Likihitajika, maana yake Utiifu una upungufu. Na Utiifu ukiwa na upungufu, aliyeuagiza amekosea. Hilo ni kosa la jinai.

Sikudhani alisimama mbele yao huku mvua ikipiga bati kwa kishindo kiasi kwamba wajumbe walilazimika kupaza sauti.

"Mhandisi," alianza Mheshimiwa Kigalu, "je, Utiifu una upungufu?"

"Hauna, Mheshimiwa Mwenyekiti."

"Kuna lango lililowahi kushindwa kufunguka?"

"Halijapata kutokea, Mheshimiwa."

"Basi hili neno lako la ikishindikana ni la kazi gani?"

Hapo ndipo wengi waliomtangulia walipoteleza, na baadhi yao hawajarudi makwao. Simu ilitetemeka mfukoni mwa Sikudhani. Aliichungulia chini ya meza. Ulikuwa ujumbe wa mama yake: kwa mvua peke yake maji ya mto yamefika kwenye migomba.

"Halina kazi yoyote, Mheshimiwa," alisema. "Ni pambo tu. Lugha kubwa haikosi mapambo."

Wajumbe walinong'onezana. Mjumbe mmoja wa kiti cha nyuma, ambaye kazi yake ilikuwa kutilia shaka, aliinua kidole. "Kama halina kazi, mbona jasho linamtoka?"

"Ni furaha, Mheshimiwa, ya kusimama mbele yenu."

Jibu lilipendwa. Lakini sasa mjumbe mwingine akaliona neno jaribu, akaruka nalo. Serikali, alisema, haijaribu. Serikali hutenda. Anayejaribu ameshakubali moyoni kwamba huenda asiweze, na mashine za umma haziwezi kufundishwa moyo wa namna hiyo. Walijadiliana. Wengine walitaka liwekwe neno dhamiria, wengine thubutu. Chai ikaja na sambusa, mjadala ukasimama ili watu wale kwa utulivu. Sikudhani alikaa na sambusa yake mkononi bila kuiuma, akisikiliza mvua. Alitamani kupiga kelele, na angeweza kabisa, isipokuwa kelele zingemuua mama yake.

Baada ya chai walikubaliana. Badala ya jaribu itatumika *tekeleza kwa kishindo*. Kuhusu ikishindikana, Mheshimiwa Kigalu alitamka uamuzi akiwa amesimama.

"Baraza, baada ya kuridhika kwamba neno hili halina maana, halina faida, na halitahitajika na kizazi chochote, linalipokea kwa mikono miwili. Litaingizwa katika mitambo yote ya nchi kama pambo. Atakayelitumia atakuwa ametusingizia upungufu, na sheria itachukua mkondo wake. Mhandisi, apa."

Sikudhani aliinua mkono. "Naapa kwamba neno hili halitahitajika leo, kesho wala keshokutwa."

Alisaini, akawashukuru, akatembea taratibu mpaka nje ya geti la wizara. Kisha akakimbilia gari lake.

*

Alipofika bwawani, maji yalikuwa yanaonja mdomo wa lango. Mzee Lipangile alikuwa bado kwenye kiti chake, ila chai ilikuwa imepoa bila kunyweka.

"Mzee, nipishe hapo."

"Mhandisi, neno lako limeshaingizwa humu, na nimesikia redioni. Wamesema ni pambo."

"Nipishe nilipambe lango lako."

Mzee alisimama akaenda kugeukia ukuta wake. Sikudhani akaandika: *tekeleza kwa kishindo kufungua lango, ikishindikana, piga king'ora cha Mkondoni.* Alijua kwamba akishabonyeza, kiapo chake kimevunjika, na hakuna wakili atakayekiunga. Akabonyeza.

Skrini ilikaa kimya kwa muda ambao haikuwahi kuuchukua. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu taifa lipate lugha yake, mashine ya serikali iliandika: IMESHINDIKANA. Mzee Lipangile, aliyekuwa anatazama kwa pembe ya jicho licha ya msimamo wake, alikaa sakafuni. Na kule chini, Mkondoni, king'ora kikaanza kulia.

Hapa lazima niwaeleze jambo moja. Katika nchi yetu king'ora hakikuwahi kulia kwa ajili ya hatari, kwa sababu hatari hazikuwepo. Kililia wakati kiongozi anapita. Kikilia, watu hutoka majumbani na bendera, hujipanga kando ya barabara kuu na kushangilia, na balozi wa nyumba kumi huandika majina ya waliokosekana. Na barabara kuu ya Mkondoni inapita kando ya mto.

Sikudhani alifunua picha akatazama chini bondeni. Aliona watu wanamiminika. Hawakuwa wanakimbia mto. Walikuwa wanaufuata, na bendera zao zimelowa mvua.

Alipiga simu. Iliita sana.

"Mwanangu, sina nafasi," alisema Bi Semeni. "Anapita mkubwa. Nimeshavaa kanga ya mapokezi, na balozi ananiita."

"Mama, hakuna anayepita. Ni mimi niliyepiga king'ora. Maji yanakuja. Waambie watu wapande kilimani."

"Watu gani watakaonisikiliza? Nikisema hakuna kiongozi, balozi ananikamata hapa hapa." Akashusha sauti. "Yanakuja kweli, Siku?"

"Yanakuja, mama."

Sikudhani alifumba macho. Kueleza watu juu ya maji kungechukua mchana wote, na mchana haukuwepo. Watu wa Mkondoni hawakufundishwa kukimbia. Walifundishwa kupokea.

"Basi mwambie balozi ratiba imebadilika," alisema. "Mwambie msafara unapitia njia ya kilimani. Juu kabisa, kwenye mnara wa simu. Na mkubwa anataka kuona watoto, wazee na wagonjwa. Asikosekane mtu."

Alisikia mama yake akivuta pumzi, halafu akisema kwa sauti ambayo Sikudhani alikuwa hajaisikia tangu utotoni, sauti ya kumtoa mbuzi shambani: "Balozi! Wewe balozi! Unawapanga watu wapi? Mkubwa anapita juu!"

Wakati huohuo simu ya ukutani ililia. Alikuwa Mheshimiwa Kigalu kutoka mji mkuu.

"Nani ametumia pambo langu?"

"Mheshimiwa, lango limekwama. Watu wako bondeni."

"Sijaulizia watu. King'ora kizimwe. Hapana, usikiguse, nitakizima mimi mwenyewe kutoka huku." Ilisikika sauti yake akimwamuru katibu, kisha pumzi ya mtu aliyetua mzigo. "Skrini imeandika TAYARI. King'ora kimezimwa. Utakuja kujieleza."

Akakata simu, akaenda kula. Kule Mkondoni king'ora kiliendelea kulia vilevile, kwani swichi yake ya kuzimia iliharibika zamani, na mashine, kwa adabu zake, haikumwambia.

Watu walipanda. Wenye baiskeli waliwapakia wagonjwa. Balozi wa nyumba kumi alikuwa wa mwisho, akisukuma waliochelewa na kuandika majina yao. Walijipanga kilimani kwa mistari, watoto mbele, bendera juu, wakatazama barabara waliyoambiwa. Wakiwa wamesimama hivyo, maji yalivuka lango la Ridhaa yakashuka. Sikudhani aliyaona yakipita. Yaliichukua kwanza nyumba ya mama yake, halafu nyingine, halafu soko, halafu ofisi ya wilaya yenye king'ora juu yake, na ndipo king'ora kikanyamaza. Kilimani bendera zilishuka moja moja. Sikudhani alilia kwa kwikwi, na Mzee Lipangile, ambaye sasa alikuwa amesimama kando yake dirishani, alimshika bega.

*

Kesi ilisikilizwa na Baraza lilelile, kwani ndilo lililotusiwa. Watu wa Mkondoni waliletwa kwa malori kuwa mashahidi, wakakaa nyuma na nguo walizookoka nazo. Mashtaka yalikuwa mawili: kutumia neno lililothibitika kutokuwa na kazi, na kutangaza ziara ya kiongozi ambayo haikufanyika.

"Wangapi walikufa?" aliuliza Mheshimiwa Kigalu.

"Hakuna, Mheshimiwa."

"Hakuna hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Basi hatari ilikuwa wapi?" Aliwageukia wajumbe, nao wakatikisa vichwa kwa mshangao wa kisomi. "Angekufa japo mtu mmoja, Baraza lingepata pa kuanzia. Umetunyima ushahidi, Mhandisi."

Hata hivyo Mheshimiwa Kigalu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na nakala ya kiapo mbele yake, na alijua kwamba kiapo kikivunjika, aliyekipokea naye anachafuka. Akainama mezani, akasema kwa upole wa mjomba.

"Binti yangu, tusikilizane. Lango lilifunguka. King'ora kililia kwa sababu kiongozi alipita kilimani kukagua mnara wa simu, na wananchi wakampokea. Maji yale yalikuwa mvua ya kawaida. Ukisema hivyo, neno lako halikutumika, kiapo chako ni kizima, nawe unarudi ofisini Jumatatu. Na hawa ndugu zako wanarudi bondeni, wajenge upya, maana bwawa halina tatizo. Umenielewa?"

Sikudhani alielewa. Lango lilikuwa bado limekwama vilevile na magogo yake, na hakuna fundi atakayetumwa kwenye lango lililofunguka. Masika mengine yangekuja. Aligeuka akamtafuta mama yake kati ya watu, akamwona, na kanga yake ya mapokezi ikiwa bado na tope.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema, "lango halikufunguka. Mpaka sasa tunapozungumza halijafunguka. Na mkiwarudisha bondeni, mtapata huo ushahidi mnaoutaka."

Katibu aliacha kuandika.

Mheshimiwa Kigalu alivua miwani. "Nitawauliza wananchi wenyewe. Ninyi wa Mkondoni, nani alimwona kiongozi akipita? Anyooshe mkono."

Watu wa Mkondoni walikuwa wamenyoosha mikono maisha yao yote. Waliinyoosha kupitisha bajeti, kupongeza ongezeko la nauli, kuunga mkono hotuba kabla hazijaanza. Askari waliokuwa mlangoni walikwisha kuanza kuhesabu kwa macho. Lakini mikono ilibaki mapajani. Balozi wa nyumba kumi aliinua wake nusu, akamtazama mjukuu wake aliyekuwa amemkalia magotini, akaushusha.

Bi Semeni ndiye aliyesimama.

"Mheshimiwa, shikamoo. Sisi tulisimama kilimani na bendera zetu, kama tulivyozoea. Tulingoja sana. Zilizopita ni nyumba zetu."

Akakaa.

*

Mhandisi Sikudhani alihukumiwa kifungo kwa kutumia lugha kinyume na mapambo yake. Neno ikishindikana lilifutwa kwenye mitambo yote, na mashine zikathibitisha kufutwa kwake. Watu wa Mkondoni walikuwa wamerudi kilimani, na malori yalitumwa kuwateremsha bondeni. Watu waliwapokea madereva kwa chai, wakawaambia kwamba kwa bahati mbaya magoti yanawauma, wazee kwa watoto, na kuteremka hawawezi. Madereva nao walikuwa na familia. Waliandika kwamba kazi imekamilika, wakarudi na malori matupu. Wizara iliridhika, na mpaka leo watu wale wanakaa kilimani wakati kwenye vitabu vya serikali wamelala bondeni.

Masika yaliyofuata yalikuwa makubwa. Baada ya kupungua, Bi Semeni alikwenda gerezani siku ya kutembelea wafungwa, akiwa na maandazi ndani ya kitambaa. Askari aliyakagua, akala moja, akawaacha waketi.

Sikudhani hakugusa chakula. "Yalikuja?" aliuliza.

"Yalikuja, mwanangu. Zaidi ya yale."

"Na ninyi?"

"Sisi tulikuwa juu," alisema Bi Semeni, akimsogezea maandazi. "Tuliyatazama yakipita, tukamaliza chai yetu, tukaingia ndani. Haya, kula."